Vidudu vyeupe ndani ya mkonge: ni kipepeo au nini?

BintiBwejuu
Assalaam alaykum. Nina mikonge kumi na mbili nyuma ya nyumba, nimeipanda juu ya mawe kuwazuia mbuzi wa jirani wasinimalizie mchicha. Juzi mmoja umelala. Kuuvuta tu, huo mkononi! Shina limeoza, linanuka kama muhogo uliosahauliwa ndooni, na ndani mna vidudu vyeupe vinene, vichwa vya kahawia. Mwanangu kachungulia simu, ananambia ni watoto wa kipepeo mkubwa wa jangwani anayekaa kwenye mikonge, na kwao watu wanawakaanga wakawala. Miye kula simo. Lakini kama ni kipepeo, niviache vitoke nimuone?

MzeeKatani
Wa alaykum salaam bibie. Kipepeo huyo yupo kweli, ila Meksiko. Aegiale hesperiaris, kiwavi wake hutoboa jani la mkonge akakaa humo humo. Ana jamaa zake, Agathymus, wao wamefika hadi kusini mwa Marekani. Kiwavi akikaribia kugeuka, hutoboa tundu la kutokea akaliziba kwa kijifuniko cha hariri, kama mlango. Mdudu fundi yule! Lakini mkonge ulipoletwa Tanganyika 1893 na Mjerumani Hindorf, ikapona miche 62, kipepeo hakupanda meli. Aliyekuja kuufuata ni fukusi. Hebu tazama miguu: kiwavi ana jozi tatu karibu na kichwa, mtoto wa fukusi hana hata mmoja.

Mkwezi_Wete
Si ndiye yule mdudu wanayemtia kwenye chupa ya pombe huko Meksiko? Astaghfirullah.

MzeeKatani
Yule mwekundu wa chupani ni mtoto wa nondo, sheikh. Na wewe umemuonea wapi?

BintiBwejuu
Nimevimwaga kwenye sinia. Miguu hamna, vimejikunja tu. Tena kwenye uozo nimemkuta mkubwa wao, mweusi tititi, mdomo mrefu kama mkonga, nilipomgusa akajifanya kafa.

MzeeKatani
Ndiye huyo. Ng'oa wote unaotikisika, choma moto na mashina yake, usiutupe jalalani ukamea tena. Shimo hilo usipande mkonge mwengine sasa hivi. Iliyobaki uwe unaisukuma kwa mguu kila wiki, ukilegea tu, toa.

BintiBwejuu
Nimetoa mitatu, moshi umejaa mtaa mzima. Na mbuzi keshapaona penye pengo.