Mtoto anachora mtumbwi wa babake kila siku, nimwache ama?
Habarini wadau, niko Nyalenda hapa Kisumu. Kakangu aliaga mwezi wa nne na tangu matanga iishe kijana wake wa miaka nane hataki kuongea mambo ya babake, ukimuuliza anakwambia tu niko sawa. Sasa juzi nikafungua daftari lake la hesabu, kurasa za nyuma zote ni mtumbwi, ule ule mmoja, amepaka nyeusi mpaka karatasi ikatoboka. Babake alikuwa anavua pale Dunga. Nikanyamaza, nikamnunulia kalamu za rangi huko Kibuye, na jana ndio mara ya kwanza amechora mtu ndani, akaniambia "huyo ameshika mbuta," yule samaki mkubwa wa ziwani. Nilitoka nje nikalia.

Nimesoma kuna tiba ya sanaa, hilo jina lilianzishwa na mchoraji wa Uingereza Adrian Hill mwaka 1942, kuchora kulimsaidia akiugua TB. Lakini mama anasema namkumbusha mtoto uchungu, nimpokonye daftari. Mimi naona la. Wenye wamepitia hii, nimuulize maswali kuhusu hizo picha ama nikae tu kando achore? Na mshauri wa watoto huku Kisumu asiye bei ghali, kuna mtu anajua?