Notsi za Biblia: kwenye simu au kwenye daftari?

Binti wa Masasi
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi ni katibu wa kikundi cha kujifunza Neno hapa Masasi, tupo kumi na wanne, na Jumamosi iliyopita tulikaribia kugombana. Vijana wanataka tuache kaunta buku, kila mtu aweke notsi zake za Biblia kwenye programu ya simu. Wazee wamekataa katakata.

Mimi natumia Obsidian, programu ya kuandika notsi, huu ni mwezi wangu wa nane. Kila sura ninayosoma naifungulia ukurasa. Nikifika Matendo 8, pale yule towashi wa Kushi anaposoma garini asielewe, naandika Isaya 53 ndani ya mabano mawili ya mraba, basi kurasa hizo mbili zimeshikana. Siku nikirudi Isaya, naikuta Matendo inanisubiri. Kwenye daftari nilikuwa siipati tena. Naomba ushauri: kikundi kihamie kwenye simu au tubaki na karatasi?

Mzee wa Ligula
Binti yangu, naandika kwa simu ya mjukuu. Biblia yangu ni Union, ile tafsiri iliyotoka 1950, nilipewa siku ya Kipaimara. Pembeni mwa Zaburi ya 91 kuna tarehe niliyomlaza mke wangu hospitali, kwa wino wa buluu. Chini yake kuna tarehe aliyotoka, kwa wino mwekundu. Hiyo rangi simu itanipa wapi? Tena Kumbukumbu la Torati 17:18, mfalme aliamriwa ajiandikie nakala ya torati, maana mkono ukiandika moyo unashika. Simu unagusa tu, neno limepita.

Halafu tuseme ukweli, mambo hayo ni ya watu wa ofisini. Mama wa Tandahimba mwenye mikorosho yake atayafanyia nini?

Mama Tandahimba
Shikamoo mzee. Nimesoma nikarudia, nikadhani nimekosea kusoma. Mama wa Tandahimba ndiye mimi. Ekari sita za mikorosho, na simu yangu ninayo. Korosho zetu zinauzwa kwa stakabadhi ghalani tangu 2007, na mnada siku hizi unaendeshwa kwa mfumo wa TMX, lile Soko la Bidhaa Tanzania. Bei ikitoka, mimi naijua kabla hamjamaliza kahawa huko Ligula. Notsi nilianza kuandika kwa sababu ya salfa, dawa ya mikorosho: tarehe ya kupuliza, mifuko mingapi, mti upi umeshikwa na ugonjwa wa ubwiri unga. Nani kakwambia mkulima haandiki?

Fundi Mkanaledi
Mama umesema. Watu wa mjini wakisikia korosho wanafikiria mtu wa kuonewa huruma, wakati hela ya korosho ndiyo inayozungusha mji huu kila msimu.

Mwana wa Newala
Haizungushi mji tu, hata sadaka za mavuno makanisani zinatoka huko huko. Waulizeni wahasibu wa makanisa, Novemba na Februari hazifanani.

Nachingwea Macho
Jamani, mmeingia kwenye korosho mnaacha jambo kubwa. Ufunuo 22:18 inakataza mtu kuongeza kwenye maneno ya kitabu. Mnaandika pembeni, mnaandika kwenye simu, yote ni kuongeza. Neno liachwe lilivyo.

Fundi Mkanaledi
Ndugu Nachingwea, hiyo 22 na hiyo 18 ulizoandika aliongeza nani? Yohana hakuandika namba. Mgawanyo wa sura tulionao unatajwa kuwa kazi ya Stephen Langton wa Uingereza, karne ya 13. Namba za mistari ya Agano Jipya aliziweka mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Unatumia notsi za watu hao kila siku, halafu unamkataza huyu binti zake.

Nachingwea Macho
Mimi sikuja hapa kufundishwa na fundi simu. Andiko nimelitoa, ujibu Andiko.

Fundi Mkanaledi
Nimekujibu. Na ufundi simu ni kazi ya halali, imewasomesha wadogo zangu watatu.

Jirani wa Lindi
Mniwie radhi, mimi ni Muislamu, ila jambo hili nalijua. Sisi kwenye msahafu hatuandiki kitu pembeni, tumelelewa hivyo. Chuoni tulianza na ubao, aya ukishaihifadhi unaoshwa. Maelezo ya ustadhi yanakwenda kwenye daftari lake peke yake. Siku hizi mwanangu anayaweka kwenye simu, na msahafu unabaki safi. Kwa hiyo kama ndugu Nachingwea anaogopa kuchafua kitabu, programu ndiyo ingemfaa zaidi, kwa sababu maelezo yanakaa mbali na Neno.

Ndanda Juu
Hoja nzuri sana ya jirani. Mimi nina langu dogo: hizo Biblia za simu mnazopakua, wengi mnachukua ya vitabu 66. Sisi Wakatoliki tuna 73. Nikitaka kuandika notsi za kitabu cha Tobiti, ambacho hakimo kwenye hivyo 66, naanzia wapi?

Mwana wa Newala
Mzee wa Ligula, kidogo tu: 1950 lilitoka Agano Jipya la Union. Biblia nzima ni 1952.

Mzee wa Ligula
Nimesahihishwa, ahsante. Mama Tandahimba, marahaba. Sikukusudia kukudharau. Nimezaliwa kijijini, marehemu mama yangu alibangua korosho mpaka vidole vikababuka kwa mafuta yake. Nilichotaka kusema ni kwamba simu inaharibika. Mjukuu wangu alikuwa na notsi za mwaka mzima, simu ikaanguka kisimani, hakuna alichobaki nacho.

Somanga Barabarani
Mzee, hata karatasi inakufa. Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya, maji yaliingia kwetu usiku. Tulitoa watoto, tukatoa magodoro. Biblia ya baba ilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda. Asubuhi nilianika ukurasa mmoja mmoja juu ya mabati. Maandishi ya chapa yalibaki. Aliyoandika baba kwa kalamu yalikuwa yameyeyuka, ukurasa mzima wa Warumi 8 umekuwa buluu. Natoa chochote nipate hata picha moja ya ukurasa ule.

Fundi Mkanaledi
Pole sana ndugu. Wenye Biblia za wazazi, pigeni picha kurasa zenye maandishi leo hii, mtumie na mtu mwingine.

Na kwa dada wa Masasi: tofautisheni programu. Obsidian inaweka notsi kama mafaili ya maandishi ya kawaida ndani ya simu yako, unaandika bila bando, unayanakili kwenye flashi. Nyingine, kama Notion, kazi yako inakaa kwenye kompyuta za wenyewe huko nje. Mei ile ile nyaya za intaneti za baharini zilipokatika, wateja wangu kadhaa walishindwa kufungua vitu vyao wenyewe.

Binti wa Masasi
Ahsanteni, hiyo ya flashi nimeichukua. Ila swali langu bado: kikundi kihame au kisihame?

Mama Tandahimba
Mwanangu, usimlazimishe mtu. Ngoja nikuonyeshe kwa nini mimi nilihama. Yohana 15:2, tawi lizaalo hulisafisha ili lizidi kuzaa. Mzabibu sijauona kwa macho, uko Dodoma. Siku moja nikatafuta neno "tawi" kwenye simu nipate notsi ya kanisani, zikaja mbili. Moja ya mahubiri. Nyingine niliiandika shambani: "Mkorosho wa tatu kutoka njiani, nimepogoa matawi ya ndani, nimelia, naona kama nimeuua." Mti ule msimu uliofuata ulitoa kuliko wote. Nilikaa chini pale pale nikaanza kuomba.

Mzee wa Ligula
Mama, notsi hiyo naitaka. Mjukuu anarudi chuo Jumatatu na simu yake. Iandike kwa mkono, mpe kondakta wa basi la asubuhi, nitaipokea stendi. Nitaibandika pale pale Yohana 15.

Ndanda Juu
Na Tobiti jamani?