Tope la saiti linashukia kwa jirani na mvua ndo kwanza zinaanza, msaada wakuu

fundi_mlimani
Mwangaluka wakuu. Nina saiti huku Bwiru mlimani, hapa Mwanza, kiwanja kama nusu eka. Wiki mbili nyuma tulileta kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kikakata mlima ngazi ya kwanza kati ya mbili, udongo wote tukaumwaga upande wa chini tukijua tutakuja kuutumia kujazia msingi. Sasa juzi usiku ikapiga ile mvua ya radi, asubuhi nafika nakuta mama wa nyumba ya chini kashika koleo hasemi kitu, uani kwake tope limefika kwenye kifundo cha mguu, kuku wamepanda juu ya ndoo, mtaro wa barabara umeziba kabisa na maji mekundu yanateremka zake ziwani. Mwenyekiti wa mtaa kashanipigia mara mbili. Nilikuwa nimepanga salfeti za mchanga mstari mmoja kule chini, maji yakazizunguka pembeni kama hayajaziona. Kuna mtu kaniambia ninunue kile kitambaa cheusi cha kuzuia tope, kinasaidia kweli au naenda kumpotezea tajiri hela?

Injinia wa Nyegezi
Mkuu kitambaa kinasaidia ila wewe umeanzia mwisho. Maji yaliyobeba tope lako mengi si ya kiwanja chako, yametoka kule juu kwenye majabali, na jabali halinywi maji hata tone. Kwahiyo chimba kwanza mtaro juu ya pale kijiko kilipokata, uyapeleke maji pembeni yakiwa bado masafi, yamwagikie kwenye mawe au nyasi, ila usije ukamwelekezea jirani mwingine maana utakuwa umehamisha kesi tu.

Halafu hicho kitambaa watu wanadhani kinachuja kama chujio la chai, hapana, kazi yake ni kuyasimamisha maji yatulie ili mchanga uzame. Ndo maana kinakatiza mlima kwa usawa mmoja, hakiteremki nao, na ncha zake mbili unazikunja kuelekea juu, usipokunja yatazunguka kama yalivyofanya kwenye salfeti zako. Chini kifukie kama sentimita 15 ushindilie. Makadirio ya kawaida ni mita 30 za kitambaa kwa robo eka, na hapo mteremko usiwe mkali, Bwiru naijua. Na usikiweke kukatiza mtaro wenye maji ya kasi, kitang'olewa na vigingi vyake.

dagaa_mbichi
Huyo mama mpelekee vibarua wamsafishie uani kabla hujanunua kitambaa 😂

Ila serious wakuu, sisi wa huku chini ndo tunaumia. Udongo unashuka na fosforasi imeng'ang'ania kwenye chembe zake, ikifika ziwani ni mbolea ya gugumaji, halafu maji hayohayo ndo yanavutwa pale kwenye mtambo wa maji wa Capri Point tunaletewa bombani. Angalia tu mto Mirongo siku ya mvua ulivyo, chai ya maziwa. Na kwa wenye viwanja karibu kabisa na maji, sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 toka ukingo wa ziwa usifanye shughuli za kuharibu mazingira, hiyo tunajifanya hatuijui.

fundi_mlimani
Vibarua nimepeleka wawili jana. Sasa tajiri anasema bajeti ya kitambaa hana, nifanyeje?

Injinia wa Nyegezi
Uko Mwanza unalia hela ya kuzuia maji? Mawe umeyakalia! Kwenye mtaro panga vizuizi vya mawe, katikati pawe chini kuliko pembeni ili maji yapite kati yasile kingo, na uvipange hivi: kichwa cha kizuizi cha chini kilingane na mguu wa kizuizi cha juu. Mwisho wa mtaro chimba shimo la kutulizia tope. Ule mlima wa kifusi ndo adui yako namba moja, usiuache pale kwenye mteremko, usogeze nyuma, ufunike turubai, na pale palipobaki wazi tandaza mabua ya mpunga, ya Misungwi bei poa. Na kingine, ngazi ya pili usiiguse mpaka ya kwanza iishe, udongo uliofunikwa na nyasi zake hauendi popote.

Ule mfinyanzi laini sikudanganyi, utapita tu, hauzami haraka. Ila mchanga wote utaubakiza kwako.

fundi_mlimani
Mrejesho wakuu. Tumechimba mtaro wa juu, vizuizi vinne, shimo moja. Imenyesha jana saa kumi, uani kwa mama hakujaingia kitu, leo asubuhi nimechota toroli kumi na moja za mchanga shimoni, mzuri tu, nitauchekecha nipigie plasta. Kizuizi cha tatu kimebomoka nimekipanga upya na mawe makubwa zaidi. Mwenyekiti kapoa. Mama nimemsalimia, hajaitikia bado.