Naomba ushauri: kujifungua kawaida mtoto wa pili baada ya upasuaji

Habari zenu wapendwa. Nina mimba ya miezi saba. Wa kwanza, ambaye sasa ana miaka mitatu, nilijifungua kwa upasuaji kwa sababu alitanguliza makalio. Huyu natamani sana kumsukuma mwenyewe. Daktari anasema inawezekana, kwa kuwa kovu langu ni la mlalo, sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, ila lazima nijifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji, maana kovu huweza kuchanika wakati wa uchungu, kama mwanamke 1 kati ya 200. Hilo ndilo linaninyima usingizi. Mama mkwe anasisitiza nipasuliwe tu. Mliopitia hili, uchungu ulianza wenyewe au mlianzishiwa? Na maumivu ya kovu mliyatofautishaje na ya uchungu?