Nimerudi Paje mabega yanawaka na nywele zimekauka, na Ijumaa nna harusi

BintiFuoni:
Asalaam aleikum jamani nisaidieni. Idd pili tulikwenda Paje familia nzima, tumefika maji yamekupwa watoto wakaokota kombe, yalipojaa tukaoga mpaka alasiri maana kulikuwa na mawingu tukaona ah, leo jua hamna. Sasa uso umesawijika, pua inabambuka, mabega hata kamba ya sidiria siivumilii. Nywele nilifunga mabutu chini ya mtandio, nimefumua makumbi matupu. Wifi yangu keshatwanga singo, ule mchanganyiko wa viungo wa kusugulia mwili, anataka kunisinga leo leo, mamkwe nae anasema nipake ndimu weusi utoke. Nifate ya nani?

MamaWawili_Jambiani:
Usimfate hata mmoja mwaya 😂 Singo ina karafuu ile, na inasuguliwa, ngozi iloungua ukiisugua unaibandua kabla haijawa tayari. Wewe koga maji ya baridi, usijisugue na dodoki, jipanguse kwa kanga laini kwa kubonyezabonyeza tu. Kisha kata jani la mshubiri, liache lisimame lile jimaji la manjano lichuruzike kwanza maana linawasha, ndo upake ule ute mweupe. Mafuta ya nazi SIO leo, yanafungia joto ndani, subiri mpaka moto uishe kabisa.

nesi_wa_chake:
Hapo kwenye ndimu sikilizeni vizuri. Maji ya ndimu yakiwa kwenye ngozi ukapigwa na jua yanaunguza, unaweza kutoka malengelenge na ikabaki alama nyeusi wiki na wiki, na hii ndo inawapata watu wanaokaa pwani wanakamulia ndimu pweza halafu hawanawi mikono. Mawingu nayo yanadanganya, mionzi inapita, na sisi tuko nyuzi 6 tu kusini ya ikweta. Msiseme sie weusi hatuungui, tunaungua, ila wekundu hauonekani upesi. Mara nyengine tafuta sanskrini, yaani losheni ya kukinga jua, yenye SPF (kiwango cha kinga) 30 au zaidi, paka robo saa kabla ya kutoka, urudie kila baada ya saa mbili na kila ukitoka majini. Mafuta ya nazi hayawezi kazi hiyo. Kwa maumivu meza panado, kunywa maji mengi, na ukiona malengelenge makubwa au homa nenda kituo cha afya. Weusi utaondoka wenyewe taratibu, usije ukakimbilia mkorogo.

Msusi_wa_Bububu:
Mie naingia kwenye nywele. Hizo zina chumvi bado, mabutu yanaificha kwenye mashina. Suuza kwa maji matamu mengi kabla hata ya shampuu, na kama mlisuuzia kisima cha kule pwani rudia, vingi maji yake yana chumvi chumvi. Kisha kondishna nyingi, ikae, chana ikiwa bado imo kichwani kwa chanuo la meno mapana ukianzia nchani. Hapa ndo mafuta ya nazi yana kazi, kidogo, nywele zikiwa mbichi. Usipige pasi wala drai mpaka hiyo Ijumaa ipite, suka tu. Siku nyengine zirowesha maji matamu kabla hujaingia baharini, nywele zikishashiba maji matamu hazinywi sana ya chumvi.

BintiFuoni:
Ahsanteni sana, wifi kanuna lakini basi. Na huyu mdogo ana mistari ya konyeza mguuni, yule mdudu laini wa baharini anaewasha, tulimuosha na maji ya chupa pale pale akazidi kulia, kwa nini?

nesi_wa_chake:
Maji matamu yanaifanya ile miiba iliyobaki itoe sumu zaidi. Pale pale mnamwagia maji ya bahari, na msisugue na mchanga. Kwa sasa kama hana homa wala hauvimbi mkandeni kitambaa cha baridi, kucha mkateni asijikune, ukitoka usaha mpelekeni.