Menyu za XSLT kwenye brauza: mmeitelekeza tangu 1999, sasa mnaing'oa na lawama mnatupa sisi

Wakuu, nitasema bila kupaka rangi. Anayejenga menyu ya tovuti kwa XML (faili la data lenye tagi) na XSLT (lugha ya kugeuza XML iwe ukurasa) inayogeuzwa ndani ya brauza aliahidiwa kitu kimoja na nyie watengenezaji wa brauza: andika faili moja la data, faili moja la XSL, menyu itatoka sawa kila mahali. Ahadi hiyo haijawahi kutimizwa. XSLT 1.0 ilipitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Novemba 1999. Toleo la 2.0 likaja 2007, la 3.0 likaja 2017, na hakuna brauza kubwa hata moja iliyosogea kutoka 1.0. Hata hiyo 1.0 kila mtengenezaji aliitekeleza alivyoona yeye.

Sasa Chrome wametangaza kuiondoa. Toleo la 155, Novemba 2026, XSLT inazimika kwa watumiaji wa kawaida. Agosti 2027, toleo la 164, hata tovuti na ofisi zilizoomba muda wa ziada zinafungiwa. Firefox na WebKit (injini ya Safari) nao wameonyesha nia hiyo hiyo. Sababu zinazotolewa ni mianya ya usalama kwenye libxslt (maktaba inayofanya ugeuzaji huo ndani ya Chrome) na uchache wa kurasa zinazoitumia. Mianya ipo kweli, sibishi. Lakini huo uchache mliutengeneza wenyewe! Nani angejenga kwa wingi juu ya kitu kilichoachwa na hitilafu zilezile mwaka baada ya mwaka? Pendekezo la kuiondoa kwenye Blink, injini ya Chrome, lilishatolewa 2013. Halikupita, na badala ya kuitengeneza wakaiacha ilivyo.

Hebu tuangalie menyu yenyewe, maana hapa ndipo watu wanapoteza siku nzima.

```
<menyu>
  <kipengee id="huduma" kichwa="Huduma" url="/huduma">
    <kipengee id="malipo" kichwa="Malipo" url="/malipo"/>
  </kipengee>
  <kipengee id="anwani" kichwa="Anwani" url="/anwani"/>
</menyu>
```

Kwenye faili la XSL, kiolezo (kipande kinachosema elementi fulani iandikweje) cha `menyu` kinaandika `<ul>` na ndani yake `<xsl:apply-templates/>`. Kiolezo cha `kipengee` kinaandika `<li>`, na ikiwa `position()=last()` kinaongeza darasa la "mwisho" ili CSS iondoe mstari wa pembeni. Kwenye Internet Explorer ilikuwa inafanya kazi. Kwenye Firefox, Chrome na Safari darasa halitokei kabisa, na konsoli iko kimya. Sababu ni nafasi tupu. MSXML, kisomaji cha XML cha Internet Explorer, kwa kawaida yake hutupa nafasi zilizo kati ya tagi wakati wa kusoma faili. Wengine wanazihifadhi kama nodi (vipande vya mti wa faili) za maandishi. Kwa hiyo hiyo menyu ya juu yenye vipengee viwili ina nodi tano: nafasi, kipengee, nafasi, kipengee, nafasi. Vipengee vinakaa namba 2 na 4, na wa mwisho ni nafasi tupu! Ndiyo maana pia `position() mod 2` haipishanishi rangi. Andika `<xsl:apply-templates select="kipengee"/>`, na juu kabisa ya faili weka `<xsl:strip-space elements="*"/>`. Fanya yote mawili.

Kuonyesha tawi lililo wazi, tangaza `<xsl:param name="hapa"/>` (itabeba id ya ukurasa uliopo) moja kwa moja chini ya `xsl:stylesheet`, halafu ndani ya `<li>`, kabla ya kuandika `<a>`, weka:

```
<xsl:if test="descendant-or-self::kipengee[@id=$hapa]">
  <xsl:attribute name="class">wazi</xsl:attribute>
</xsl:if>
```

Ikikaa baada ya `<a>` ni kosa, kwa sababu sifa haiongezwi kwenye elementi iliyokwisha kupata watoto. Wengine huweka `$hapa` ndani ya `match`, sifa inayosema kiolezo kinashika elementi gani. XSLT 1.0 inakataza kigezo humo, kwa hiyo usitegemee kwamba brauza yako imekuvumilia.

Kero inayonichukiza kuliko zote ni `disable-output-escaping`, sifa ya kutoa tagi zilizofichwa kwenye maandishi kama tagi halisi. Mafunzo ya zamani yanakwambia uweke `<![CDATA[<b>Mpya</b>]]>` kwenye data (CDATA husomwa kama maandishi matupu) kisha uitoe kwa sifa hiyo. Firefox haiitii, kwa sababu inajenga mti wa DOM (ukurasa ulivyo kwenye kumbukumbu ya brauza) moja kwa moja bila kupita kwenye maandishi, kwa hiyo hakuna hatua ya kusoma tagi upya. Mtumiaji anaona alama za `<b>` zimeandikwa kwenye menyu. Toa CDATA, andika `<b>Mpya</b>` kama XML halisi, na uitoe kwa `xsl:copy-of`. Na `&nbsp;`, ile nafasi isiyokatika ya HTML, haimo kwenye XML. Tumia `&#160;`.

Upande wa JavaScript, njia ya kawaida ni hii:

```
var p = new XSLTProcessor();
p.importStylesheet(xsl);
p.setParameter(null, 'hapa', 'malipo');
mahali.appendChild(p.transformToFragment(xml, document));
```

Parameta ipeleke kama maandishi tu, usipeleke nodi. Mafaili ya XSL yaunganishe yawe moja, kwa sababu kwenye familia ya WebKit `xsl:import` na `xsl:include` zimesumbua kwa miaka mingi pale faili linapopakiwa kwa JavaScript. Kipande kinachorudi kikishaingizwa kwenye ukurasa kinabaki kitupu, hivyo anayetaka menyu ileile ya kompyuta na ya simu atumie `cloneNode(true)` kabla ya kuingiza. Na kufungua ukurasa kwa `file://` si jaribio. Brauza inazuia kwa sababu za usalama, weka seva ndogo.

Ofisi ambazo bado zinaendesha mifumo ya ndani kwenye hali ya IE (Internet Explorer) iliyomo Edge, huko hakuna `XSLTProcessor`. Lazima `Msxml2.XSLTemplate.6.0`, faili la XSL lipakiwe kwenye `Msxml2.FreeThreadedDOMDocument.6.0`, kisha `createProcessor()`, `addParameter()`, `transform()`. Matokeo yanakaa kwenye `output`, nayo ni maandishi ya kuingiza kwa `innerHTML`, na hapo ukisahau `<xsl:output method="html"/>`, menyu ndogo isiyo na kitu inatoka `<ul/>`. Brauza inaisoma kama tagi iliyofunguliwa tu, na kila kinachofuata kinamezwa humo ndani.

Na nyie mnaoendelea kuuza mafunzo haya kwa vijana, mkiwaambia "inafanya kazi brauza zote", acheni. Hamjaijaribu zote, na tarehe ya kuzimwa imeshatangazwa.

Mwenye menyu kama hii asitupe kazi yake. Kinachoondolewa ni XSLT ya ndani ya brauza. XML na `DOMParser` vinabaki. Kazi ya kwanza ni kuhamishia ugeuzaji kwenye seva, kwa faili lilelile la XSL:

```
xsltproc --stringparam hapa malipo menyu.xsl menyu.xml > menyu.html
```

Ni `--stringparam`, si `--param`. Hiyo ya pili inasoma `malipo` kama njia ya XPath (anwani ya elementi ndani ya XML), haipati kitu, na hakuna tawi litakalofunguka. Wa PHP wana darasa la `XSLTProcessor` pia, washa kiendelezi cha xsl, na kwenye `setParameter` nafasi ya kwanza weka `''`.

Kipo kiraka cha WebAssembly (programu iliyotafsiriwa iendeshwe ndani ya brauza) kinachobeba libxslt mpaka kwa mtumiaji. Kwa menyu ya vipengee ishirini ni mzigo usio na sababu. Kama ni lazima menyu ijengwe kwa mtumiaji, hii inatosha:

```
function jenga(nodi, hapa) {
  var ul = document.createElement('ul');
  Array.from(nodi.children).forEach(function (k) {
    var li = document.createElement('li');
    var a = document.createElement('a');
    a.href = k.getAttribute('url');
    a.textContent = k.getAttribute('kichwa');
    if (k.getAttribute('id') === hapa ||
        k.querySelector('[id="' + hapa + '"]')) li.className = 'wazi';
    li.appendChild(a);
    if (k.children.length) li.appendChild(jenga(k, hapa));
    ul.appendChild(li);
  });
  return ul;
}
```

NYONGEZA: Mkuu uliyeuliza kwa nini `fetch` haikupi XML: inakupa jibu tu, unalisoma kama maandishi kwa `text()`, na wewe ndiye wa kuyapitisha kwenye `new DOMParser().parseFromString(maandishi, 'application/xml')`. XML ikiwa mbovu haitupi kosa lolote, inarudisha hati yenye elementi ya `parsererror`. Itafute kwanza kabla ya kuita `jenga`, na `jenga` uipe `xml.documentElement`, si `xml` yenyewe, la sivyo utapata `<li>` moja isiyo na jina juu ya menyu yote.