Wakala wa kusafirisha mbwa kala hela yangu, kachanja kabla ya chipu, sasa mbwa kakwama miezi minne

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Mbwa wangu Bosi alitakiwa awe na mimi huku Ujerumani tangu mwisho wa Julai. Mpaka leo yuko Tabata, Dar, kwa mama, na hatoki kabla ya katikati ya Novemba. Wakala niliyemlipa hela yote mkononi kabla hajagusa kitu alimchanja kwanza, chipu (kile kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi) akaja kumwekea baadaye.

Kadi ninayo hapa. Chanjo ya kichaa cha mbwa, 10 Machi. Kibandiko cha chipu chenye zile namba 15, 24 Machi. Damu ya kupima kama chanjo imempa kinga ilitolewa 14 Aprili, ikapelekwa maabara Afrika Kusini, majibu yakarudi mazuri, juu ya kile kiwango cha 0.5 kinachotakiwa. Tukahesabu miezi mitatu ya kungoja, nikakata tiketi. Siku ya cheti cha afya, daktari wa mifugo wa serikali akaishika kadi, akapitisha kalamu chini ya tarehe ya kwanza, kisha ya pili, akanirudishia. "Dada, chanjo hii haihesabiki."

Nilidhani ananitafutia sababu. Nikaenda kusoma mwenyewe, usiku kucha. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinasema wazi: chanjo isitangulie chipu. Zikifanyika siku moja, sawa. Chanjo ikitangulia, hata kwa siku moja, haihesabiki. Na nimeielewa sababu yake: bila chipu, nani atathibitisha kwamba mbwa aliyechomwa sindano ndiye huyu anayepanda ndege? Sasa chanjo ikishakufa, na damu imekufa, maana inatakiwa itolewe siku 30 au zaidi baada ya chanjo halali, na miezi mitatu inahesabiwa kuanzia siku ya kutoa damu, si siku ya majibu. Tukaanza upya: chanjo 16 Julai, damu 17 Agosti. Piga hesabu mwenyewe.

Nilipompigia wakala, alinijibu, "Ndiyo taratibu za Wazungu hizo dada, vumilia." Akataka nilipie damu ya pili! Hii ndiyo kazi yake, ndicho nilichomlipia. Mtu anayejiita mtaalamu wa kusafirisha wanyama hajui kipi kinaanza kati ya chipu na chanjo?

Na haijaishia hapo. Kazi ilinitaka huku tarehe 1 Agosti, nikaondoka. Kumbe mnyama anahesabiwa anasafiri na mwenyewe pale tu mnapopishana siku zisizozidi tano. Zikizidi, anaingia kwa masharti ya mnyama wa biashara, karatasi nyingine na gharama nyingine kabisa. Kwa hiyo Novemba itabidi nikate tiketi ya kurudi Dar kumfuata, na likizo sina.

Kuna watakaoniambia ningembeba tu, nijaribu bahati. Hapana. Karatasi zikiwa na kasoro wanaweza kumrudisha, au kumtenga kwa gharama yako, na ikishindikana vyote, kumuua. Siwezi kumpeleka Bosi huko.

Wala siilaumu sheria. Nimekulia Mugumu, kule Serengeti, nimeona watu wazima wanavyoogopa mbwa anayetoka udenda. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza, ni nadra mno mgonjwa kupona. Tanzania, Kenya na Uganda hatumo kwenye orodha ya nchi zinazosamehewa kipimo cha damu, basi tupimwe. Ila mtu asichukue hela yangu kwa sheria ambayo hajawahi kuisoma.

Mama akinipigia huweka spika. Bosi akisikia sauti yangu anakimbilia getini, anasimama pale anangoja. Mama anasema hurudi ndani giza likishaingia. Juzi nilikata simu kabla sijamaliza kuongea.

Mnaojiandaa: chipu kwanza, iskeniwe mbele yako, namba iandikwe kwenye kadi, ndipo sindano. Na chanjo ya marudio isipitwe na tarehe hata siku moja, maana ikipitwa kipimo cha damu kinarudiwa, isipopitwa kinadumu.

Sasa naomba msaada. Kuna aliyewahi kumpokea mbwa Frankfurt kwa masharti ya biashara, baada ya zile siku tano? Alitakiwa karatasi gani, na ilimgharimu kiasi gani? Na hela niliyokwisha mlipa huyu wakala, nidai wapi nikiwa huku?